Mtu wa Kuambiwa: Walezi wa Dini na Dawa za Kulevya katika Shule za Kibaha na Kisarawe

Kisarawe ilijua shule zenye mchungaji ndani yake zamani, kabla Pwani haijaitwa mkoa. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifungua kituo Kisarawe mwaka 1892, na Maneromango ikafuata muda si mrefu. Waanglikana wa UMCA nao, katika miaka ya 1920, walikihamishia Minaki chuo cha Mtakatifu Andrea kilichokuwa Kiungani, Zanzibar. Katika shule za aina hiyo padre au mchungaji aliishi eneo moja na wanafunzi, na mtoto aliye mbali na kwao alijua mlango wa kugonga usiku. Hakuna haja ya kuwatukuza. Wengi wao walikuwa walimu pia, na fimbo walizijua. Serikali ilipozitaifisha shule za madhehebu kwa Sheria ya Elimu ya 1969 ilitenda haki, kwa kuwa mtoto wa Kizaramo aliye Mwislamu hakupaswa kupitia kanisani ili afike darasani. Lakini umiliki ulipohama, nafasi moja ilififia bila yeyote kuipangia mbadala: nafasi ya mtu mzima anayefahamika shuleni ambaye kazi yake ya kwanza ni malezi. Hoja yangu ni kwamba nafasi hiyo ndiyo pengo kubwa katika vita yetu dhidi ya dawa za kulevya mashuleni, na kwamba Kibaha na Kisarawe zina uwezo wa kuijaza leo, kwa sharti kwamba mlezi wa dini aache kuwa mhubiri wa vitisho na awe mtu ambaye kijana anaweza kumwambia ukweli bila kupoteza shule.

Tuanze na mahali penyewe. Kibaha iko juu ya barabara ya Morogoro, na karibu kila lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda bara, Zambia au Kongo hupita Maili Moja na Mlandizi. Bandari kavu ya Kwala imeongeza shughuli upande huo. Kisarawe mjini ni jirani wa Gongo la Mboto na Pugu, ilhali nyuma yake vijiji vinaenda hadi misituni, ambako mwanafunzi wa sekondari ya kata hutembea kilomita nyingi kila siku au wazazi humpangia chumba karibu na shule. Vyumba hivyo, ambavyo vijana huviita magetoni, ni ufumbuzi wa umbali na wakati huohuo ni tatizo jipya: mtoto wa miaka 14 anajipikia, anajilalia, na jioni hana mtu wa kumuuliza alikuwa wapi. Ripoti ya dunia ya dawa za kulevya ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilitaja umri wa miaka 12 hadi 17 kuwa kipindi cha hatari zaidi cha kuanza kutumia. Kwa Tanzania, huo ni umri wa kumaliza darasa la saba na kuingia kidato cha kwanza, yaani wakati hasa ambapo mtoto wa kijijini anahama macho ya wazazi na kukutana na kijiwe cha bodaboda. Anachokutana nacho mwanzoni huwa sigara, ugoro, pombe ya bei rahisi, msokoto wa bangi, mirungi, gundi, au vidonge vya duka la dawa vilivyouzwa bila cheti. Heroini, kwa walio wengi, huja baadaye. Kwa hiyo kinga ya maana ni ile inayofika kabla ya kete ya kwanza ya unga, wakati kijana bado anaona anachofanya ni mchezo.

Upande wa kuzuia biashara, nchi imefanya mengi. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 iliunda Mamlaka ya kusimamia kazi hiyo, yenye meno kuliko Tume iliyoitangulia, na Desemba 2023 Mamlaka hiyo ilitangaza kukamata zaidi ya kilo 3,000 za heroini na methamfetamini katika operesheni moja. Marufuku ya pombe za viroba, iliyoanza Machi 1, 2017, nayo ilionyesha kwamba kuiondoa bidhaa dukani kunafanya kazi ambayo hotuba haiwezi. Kiroba kiliingia mfukoni mwa sare ya shule bila kuonekana, chupa haiingii. Mimi ni muumini wa hatua za namna hii, na asiyezitaka aeleze ni mahubiri gani yangeondoa viroba madukani. Ila kukamata mzigo hakumgusi kijana ambaye tayari ana rafiki mwenye msokoto. Kwake yeye tumekuwa na kitu kimoja tu, nacho ni hotuba: ofisa wa polisi, daktari au mchungaji anasimama mstarini, anaonyesha picha za mateja waliokonda, anawataja waliokufa, anawaapisha wanafunzi, anaondoka.

Njia hiyo imepimwa kwingine na imeshindwa. Marekani ilianzisha mwaka 1983, mjini Los Angeles, mpango wa DARE uliowapeleka polisi madarasani kuwaonya watoto. Ukaenea nchi nzima na kuvuka mipaka, kisha watafiti walipolinganisha waliopitia mpango huo na wasioupitia, katika miaka ya 1990, waliona tofauti ndogo mno katika matumizi ya dawa. Miongozo ya kimataifa ya kinga iliyotolewa na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu, toleo la 2013 na lile la 2018 lililoandaliwa pamoja na Shirika la Afya Duniani, inasema wazi kwamba kutia hofu, kutoa taarifa tupu, na kuwaleta waliowahi kutumia watoe ushuhuda ni njia ambazo hazikuonyesha faida, na pengine huleta madhara. Kinachofaa ni mazungumzo ya vikundi vidogo, mazoezi ya kukataa shinikizo la wenzao, na uhusiano wa kudumu na watu wazima wanaomjali mtoto. Viongozi wa dini wanapaswa kuusoma ushahidi huu kwa makini kuliko wengine, kwa sababu kuonya na kuleta ushuhuda wa aliyeokoka ndiyo mitindo wanayoipenda zaidi. Mchungaji au ustadhi anayekuja shuleni mara moja kwa muhula kuwaeleza wanafunzi kwamba bangi ni ya shetani anarudia kosa la DARE kwa kanzu tofauti.

Sasa mfikirie mwanafunzi wa kidato cha pili, wa shule yoyote kati ya Mlandizi na Chole, aliyekwisha kuvuta mara tatu au nne na ambaye ameanza kuogopa. Amwambie nani? Mwalimu wa darasa atalipeleka suala kwa mwalimu wa nidhamu, na huyo kwa mkuu wa shule. Kanuni za mwaka 2002 kuhusu kufukuza na kuondoa wanafunzi shuleni zinataja matumizi ya dawa za kulevya miongoni mwa makosa yanayoweza kumtoa mwanafunzi moja kwa moja, na kanuni nyingine za mwaka huohuo zinaruhusu viboko visivyozidi vinne. Simu ya bure ya Mamlaka, namba 119, inafahamika zaidi kama mahali pa kutoa taarifa za wauzaji, na mtoto haoni kama imewekwa kwa ajili ya kujieleza mwenyewe. Mzazi, akisikia, ataanza na mkanda. Wanafunzi wenzake watamwambia aendelee. Katika mpangilio huu kunyamaza ni uamuzi wa busara kabisa kwa kijana, na shule inaujua ukweli siku anapofumaniwa, yaani siku ambayo shule huona haina jibu jingine ila kumfukuza. Akishafukuzwa, anahamia palepale kijiweni tulipokuwa tunamzuia asifike. Ni kweli Waraka wa Elimu wa mwaka 2021 ulifungua mlango kwa waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali kurudi darasani, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kumrudisha aliyekwisha kuondoka ni kazi ngumu mara nyingi zaidi kuliko kumshika akiwa bado ana daftari mkononi.

Hapa ndipo mlezi wa dini ana kitu ambacho wengine hawana. Watu wanampa heshima ya kutunza siri bila sheria kuwalazimisha. Padre Mkatoliki amefungwa na kanuni za Kanisa lake zisizomruhusu kwa hali yoyote kutoa aliyoyasikia katika kitubio; mchungaji na sheikh hawana sakramenti hiyo, lakini waumini wao huwaendea na ya ndoa, ya deni na ya aibu wakitegemea yasitoke. Yeye hapangi matokeo ya mtihani, hasaini barua ya kusimamishwa masomo, na wala haitwi kwenye kamati ya nidhamu kama shahidi. Zaidi ya hayo, hafungi kazi shule inapofunga. Likizo ya Juni, ambayo mwalimu aliyetoka Mbeya au Mara ameitumia kwenda kwao, ustadhi wa Mzenga na mwinjilisti wa Visiga wapo, wanakutana na kijana sokoni, wanamjua mama yake na wanajua nyumba aliyopanga. Uhusiano wa kudumu unaosemwa na miongozo ile ya kimataifa, katika vijiji vyetu, tayari una watu wake.

Kazi ya mtu huyo, ikipangwa vizuri, ni ya kawaida kuliko inavyodhaniwa. Anaona dalili mapema: mchezaji aliyeacha mazoezi, mwimbaji wa kwaya asiyekuja wiki tatu, macho mekundu, madeni madogo madogo kwa wenzake. Anauliza faragha, anasikiliza bila kushtuka. Anakubaliana na kijana jambo dogo la wiki hii, halafu anamfuatilia wiki ijayo. Kwa mzazi anakwenda kwa idhini ya kijana, kwa kuwa mzazi anayempokea sheikh barazani hapokei habari kwa hasira ileile anayoipokea nayo barua ya shule. Na anapoona tatizo limekuwa uraibu, anamsindikiza hospitali. Upande mwingine wa kazi hiyo ni kuwapa vijana mahali pa kuwa. UKWATA, TYCS, CASFETA na TAMSYA ni vikundi vya dini vya wanafunzi ambavyo vipo katika shule nyingi za sekondari nchini, vina viongozi waliochaguliwa na wanafunzi wenyewe, makongamano, kwaya na kaswida. Iceland, nchi iliyokuwa na vijana walevi kupindukia barani Ulaya katika miaka ya 1990, ilijenga kinga yake juu ya jambo hili: saa za alasiri za kijana zijae michezo, muziki na watu wazima wanaomjua. Mwaka 1998 asilimia 42 ya wanafunzi wa miaka 15 na 16 huko walisema wamelewa ndani ya mwezi uliopita. Mwaka 2016 walikuwa asilimia 5, na waliowahi kuvuta bangi walishuka kutoka asilimia 17 hadi 7. Iceland ilikuwa na fedha ambazo halmashauri ya Kisarawe haina. Lakini kwaya ya jioni na mazoezi ya kaswida hazihitaji uwanja wenye taa.

Ugumu ni kwamba walezi tulio nao wamekaa mahali ambapo hatari ni ndogo zaidi. Seminari ya Visiga ina mapadre wanaoishi na wanafunzi. Shule za bweni za madhehebu kwa ujumla zina mchungaji au padre anayejulikana kwa jina. Shule kubwa za serikali zenye bweni, kama Kibaha Sekondari iliyozaliwa na kituo cha nchi za Nordiki cha mwaka 1963, angalau zina uzio na ratiba ya jioni. Aliyebaki peke yake ni mwanafunzi wa kutwa wa shule za kata, zile zilizojengwa kwa wingi baada ya mwaka 2004 ili kila kata iwe na sekondari yake. Kwake yeye dini shuleni inaonekana kwa namna moja tu, yaani vipindi vya dini, ambavyo shule za serikali huvitenga katika ratiba na kuwaachia watu wa nje wa madhehebu waje kufundisha. Utaratibu huo ni wa thamani kubwa na tunautumia vibaya. Mara nyingi kipindi huwekwa saa ya mwisho ya Ijumaa, Waislamu wameshakwenda msikitini na wengine wanawaza safari ya nyumbani. Anayefundisha ni mtu wa kujitolea asiyelipwa hata nauli, amepewa kundi la wanafunzi wa vidato vinne chini ya mwembe, na hajawahi kupata hata semina ya siku moja kuhusu balehe, unasihi au dawa za kulevya. Akichelewa mara mbili, shule inasema madhehebu hayajali. Madhehebu yanasema shule haitoi nafasi. Kuna walimu wa dini wenye bidii ambao mfumo huu umewachosha hadi wakaacha.

Pingamizi la kwanza linatokana na Katiba, na lina uzito. Ibara ya 19 inasema kueneza dini ni hiari ya mtu binafsi, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Katika mkoa ambao Waislamu ni wengi na shule maarufu zimetoka mikononi mwa misheni, kumleta mlezi wa dini shuleni kunaweza kuamsha kumbukumbu ya ubatizo uliokuwa bei ya elimu. Australia ilipitia mgogoro unaofanana na huu. Mwaka 2006 serikali ya John Howard ilitangaza fedha za kuwaweka makasisi mashuleni. Baba mmoja wa Queensland, Ron Williams, akaenda Mahakama Kuu ya nchi hiyo na kushinda mara mbili, 2012 na 2014, dhidi ya namna fedha hizo zilivyotolewa, na mwaka 2023 mpango ukabadilishwa ili shule iweze kuchagua mlezi asiye wa dini. Kenya imechukua njia rahisi zaidi: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamruhusu mfadhili wa shule kuteua kasisi, lakini kwa gharama yake mwenyewe na bila kugusa imani za wengine. Nadhani njia ya Kenya inatufaa. Serikali isimlipe mlezi hata shilingi. Kila mwanafunzi ampate mlezi wa dini yake, kwa usawa, sheikh na mchungaji wakiwa na saa sawa na chumba kilekile, na atakayetumia faragha hiyo kumbadilisha mtoto dini aondolewe siku hiyohiyo. Na kwa kuwa kijana anaweza kumwogopa zaidi mtu wa msikiti wake kuliko wa kanisa la jirani, awe huru kuchagua.

Wapo watakaosema kinachohitajika ni mnasihi mwenye taaluma, na kwamba dini ni kiraka. Wako sahihi kuhusu haja ya mnasihi. Wizara imetoa waraka na miongozo ya ushauri na unasihi shuleni kwa zaidi ya miaka 20, na shule nyingi zimemteua mwalimu wa kazi hiyo. Lakini huyo ni mwalimu wa fizikia au jiografia mwenye mzigo kamili wa vipindi, na mara nyingi ndiye huyohuyo anayeshika zamu na kuchapa waliochelewa. Mtoto hawezi kumwona kama watu wawili. Siku serikali itakapoajiri wanasihi wa kudumu katika kila sekondari ya kata nitafurahi, na mlezi wa dini atakuwa msaidizi wao. Mpaka hapo, hoja ya taaluma inawaacha watoto bila mtu.

Lililo zito kuliko yote ni usalama wa mtoto mwenyewe. Mahakama zetu zimesikiliza kesi za viongozi wa dini walioshtakiwa kuwadhuru watoto waliokabidhiwa kwao, na mpango unaomtukuza mtu anayekaa faragha na vijana bila kulitaja hilo haustahili kuaminiwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa anapoona haki za mtoto zinavunjwa. Kwa hiyo siri ya mlezi ina mpaka, na kijana aelezwe mpaka huo kabla hajafungua kinywa: kuvuta kwake kutabaki kati yao, lakini anayemuuzia, anayemtumia au anayemtishia atatajwa. Mazungumzo yafanyike mahali panapoonekana, mlango wazi, si nyumbani kwa mlezi. Hatari inayokaribiana na hiyo ni maombi kuchukua nafasi ya tiba. Kijana mwenye arosto ya heroini hahitaji kukemewa pepo wala kusomewa peke yake, anahitaji daktari. Tiba ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011 na imefika mikoani, Pwani ikiwemo, na Hospitali ya Rufaa ya Tumbi iko Kibaha penyewe. Mlezi asiyejua njia ya kwenda Tumbi asipewe kazi hii, hata awe na upako wa namna gani.

Kuhusu ushahidi, nakubali kwamba hakuna anayeweza kuapa kwamba walezi wa dini peke yao hupunguza matumizi ya dawa. Tafiti nyingi duniani zimeona vijana wanaoshiriki ibada hutumia dawa kidogo kuliko wenzao, lakini huenda ni kwa sababu watoto watulivu na wenye wazazi wa karibu ndio wanaopenda kwenda ibadani. Uwezekano huo una maana kwetu: mlezi atakayebaki na wanakwaya na wanamadrasa waaminifu atakuwa anawalinda waliolindwa tayari. Kipimo chake kiwe wale wasiokuja.

Hatua za kwanza hazihitaji bajeti ya Dodoma. Mabaraza ya BAKWATA, majimbo ya KKKT, parokia na makanisa ya Kipentekoste ya wilaya hizi mbili yanaweza kuwachagua watu wachache, wanawake wakiwemo kwa ajili ya wasichana, na kuiomba Mamlaka iwafundishe pamoja na walimu wa unasihi. Nauli zao zitoke katika sadaka na zaka. Waumini wanaochangia harusi wataweza. Wakuu wa shule kwa upande wao wanaombwa mambo mawili: kukiondoa kipindi cha dini katika saa ya mwisho ya Ijumaa na kukigawa kwa vidato, wakianza na kidato cha kwanza Januari, na kuandika katika sheria ndogo za shule kwamba mwanafunzi aliyejitokeza mwenyewe kuomba msaada kupitia kwa mlezi hatafukuzwa kwa alichokisema. Kanuni za 2002 zinataja makosa yanayoweza kumfukuzisha mwanafunzi; hazimlazimishi mkuu wa shule kumfukuza aliyekuja kuomba msaada.